Plasta na Jino

Foleni ya duka la dawa mwisho wa mwezi haina adabu. Watu husukumana kwa viwiko, watoto hulia, feni huzunguka darini bila kumpoza mtu, na mfamasia nyuma ya kioo huwa na uso wa mtu aliyechoka kuulizwa. Siku hiyo mbele ya kioo alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na kuachia chini, nywele amezisuka zikalala kisogoni, miwani myembamba puani, na kidole cha shahada amekifunga kwa leso iliyoanza kulowa damu. Alitaka plasta. Neno alikuwa nalo tangu mlangoni, lakini lilipofika midomoni likagoma kutoka.

Basi foleni ikaona impe msaada. Mmoja akasema huyu anataka pamba. Mwingine akasema dawa ya kidonda. Mama mmoja mwenye kikapu akamshauri aandike, kwani kuandika ni bure. Wote walikuwa na nia njema na wote walikuwa wanamharibia, maana mwenye kigugumizi ukimdakia neno unamrudisha mwanzo, ajipange upya kama mtu aliyetolewa kwenye foleni.

Nyuma yake kulikuwa na kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, viatu vinang'aa, shavu moja limevimba. Huyo hakusema kitu. Hakutazama saa, hakuguna, hakushusha pumzi kwa nguvu. Alimtazama tu kama anayesubiri habari ambayo anajua ataipenda. Msichana akamwona kwenye kioo, akatulia.

"Plasta," akasema.

Hapa niseme jambo moja tumalizane nalo. Maneno ya dada huyu sitayaandika yamekatwakatwa. Yeye mwenyewe hapendi, na mimi sioni faida yake. Jua tu kwamba kila alichokisema alikisema kwa muda wake, na penye kituo weka kituo kirefu zaidi.

Alimsubiri yule kijana nje, karibu na mashine ya kutolea pesa, plasta mpya kidoleni.

"Asante kwa kunisubiri," alimwambia. "Watu huwa hawasubiri."

Kijana akafungua mdomo, akaufunga, akatoa simu na kuandika kwamba ameng'olewa jino, mdomo umejaa pamba, na daktari amemkataza kuongea mpaka jioni. Msichana akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia kumbe leo mjini wako wawili. Kijana akaandika kumuuliza anaitwa nani, naye kwa utundu akajibu kwamba anaitwa Plasta. Kijana akaandika kwamba yeye basi ni Jino. Wakapeana namba, kila mmoja akaenda zake huku anatabasamu peke yake barabarani, na waliopishana nao wakawapisha kwa mbali.

Sasa yule mpole wa foleni hakuwa mpole hata kidogo. Jino alikuwa mshereheshaji wa harusi, na katika mji ule mzima hapakuwa na mdomo uliomshinda. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ukumbi haunyamazi. Keki ikichelewa ana utani, umeme ukikatika ana wimbo, mjomba akigoma kutoa hotuba Jino anaitoa hotuba ya mjomba, tena kwa sauti ya mjomba. Alizoea kusema kwamba siku kimya kitakapoingia kwenye shughuli yake, watu wajue amekufa.

Alipopiga simu jioni ile, Plasta alidhani mtu amekosea namba.

"Ni mimi, Jino. Pamba imetoka. Nina maneno ya siku nzima hapa, nikupe yote au nikupunguzie?"

Plasta alitaka kumjibu kwamba ampe nusu. Lakini simu ilikuwa adui yake wa siku nyingi, kwa sababu kwenye simu mtu haoni uso wako. Ukikwama anadhani mtandao umekata. Na kweli Jino alianza na haloo zake, haloo, haloo, naona mnara wa huku ni mbovu. Plasta akagonga simu kwa ukucha, tak tak. Jino akanyamaza. Akauliza hiyo sauti ni ya nini. Akagongewa tena.

"Ni mimi," Plasta akasema hatimaye. "Nikigonga ujue nipo, nakuja."

"Haya, njoo. Mlango uko wazi."

Tangu hapo ikawa ndiyo alama yao. Wakapendana, na sioni haja ya kuzunguka mbuyu: walipendana vibaya. Jino alimfuata kazini jioni akiwa amevaa suti za harusi, mara ya bluu, mara ya rangi ya ndizi mbivu, na Plasta akimtania kwamba viatu vyake vinang'aa kuliko maisha yake. Jino akimsimulia kisa cha bwana harusi aliyesahau pete mfukoni mwa suruali ya kazini, Plasta akicheka mpaka miwani inashuka. Naye akipata jambo la kusema, Jino alikuwa anasubiri. Alijitahidi, niseme kweli. Lakini siku nyingine alikuwa na haraka, au barabara ina kelele, na Plasta akikwama yeye anamalizia, halafu anambusu paji la uso kana kwamba amembebea mzigo. Plasta alinyamaza. Mtu unayempenda unamsamehe vitu vidogo, kisha vinajikusanya.

Plasta alikuwa fundi wa miwani katika duka la shangazi yake. Alifanya kazi chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la kahawia, yeye na mashine ya kusaga lenzi na harufu ya kioo kilicholowa. Wateja walizivaa kazi za mikono yake miaka yote bila kumjua. Shangazi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlea. Zamani aliwahi kumweka kaunta akiwa binti mdogo, mteja mmoja akamuigiza mbele ya watu, watu wakacheka. Shangazi akamfukuza yule mteja, kisha akatundika pazia. Alidhani anamkinga.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hapakuwa na pazia. Kila Jumamosi alasiri, katika darasa la shule ya chekechea iliyofungwa kwa mapumziko ya juma, walikutana watu wa kuigiza papo kwa papo. Hakuna aliyekariri kitu. Mtu anataja mahali, mwingine anataja kisa, wawili wanasimama mbele na mchezo unaanza hapo hapo. Sheria yao ilikuwa fupi: pokea, kisha ongeza. Mwenzako akikuambia wewe ni rubani, wewe ni rubani, na ndege unaiongoza. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia masikio, chini ya picha za wanyama zilizobandikwa ukutani.

Aliyewakusanya alikuwa nesi mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, na wote walimwita Nesi. Huyo alikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mlangoni: kila anayeingia anasema leo anahitaji nini kwa wenzake. Mlinzi wa benki angesema ametoka zamu, asipewe mchezo wa kukimbia. Seremala, ambaye alikuwa kiziwi na alikuja na mkewe wa kumtafsiria kwa mikono, angeomba watu wamtazame wanapoongea. Plasta alikuwa anasema neno moja tu, wamsubiri, na walikuwa wanamsubiri. Ya pili ilikuwa ya kiganja. Mchezaji akikwama na akitaka msaada, anafungua kiganja nyuma ya mgongo. Hapo yeyote anaweza kumgusa bega na kuchukua nafasi yake. Kiganja kikiwa kimefungwa, maana yake yuko kazini, aachwe.

Siku Plasta alipompeleka Jino, Nesi alimuuliza mlangoni anahitaji nini. Jino akajibu kwa madaha kwamba yeye hana shida yoyote, wampe chochote. Nesi akamtazama juu ya miwani.

"Tutaona," akasema.

Kwa kuigiza, Jino alikuwa moto. Aliwavunja mbavu. Alicheza daktari wa simba, alicheza bibi harusi, alicheza jokofu. Habari zikaenea, watu wapya wakaja, viti vikawa haviwatoshi. Jino akaleta kengele ndogo ya mezani, ya kugongwa kwa kidole. Mchezo ukilegea, anaigonga, wachezaji wanabadilishana. Watu waliipenda ile kengele. Plasta naye aliipenda mwanzoni. Kidogo kidogo michezo ikawa ya haraka, mke wa seremala mikono ikawa inachelewa, na seremala akaanza kukosa Jumamosi. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa vicheko vilikuwa vingi.

Kisha Jino akawapatia ukumbi. Ukumbi wa kweli, wa maktaba kuu, wenye jukwaa na taa. Aliposema habari hiyo Plasta alimrukia shingoni, kwa sababu yeye alikuwa na lake moyoni. Muuza duka wa Shangazi alikuwa anaacha kazi kwenda kusoma, na Plasta alikuwa amepiga moyo konde akaomba nafasi ya kaunta. Shangazi akamwambia mambo ya wateja ni ya mdomo. Plasta akamwomba aje maktaba amwone.

"Nitakuja," Shangazi alisema. "Nikikuona unaongea mbele za watu mpaka unamaliza, kaunta ni yako. Ukishindwa, mwanangu, tusilitaje tena."

Haya yote Plasta alimweleza Jino, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba wanakula karanga. Jino akamshika mkono na kumwambia asihofu, yeye atakuwapo pembeni.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Plasta alivaa gauni jeusi la mikono mirefu na hereni za fedha. Shangazi alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, kama aliyekwenda kusikiliza majibu ya vipimo. Watazamaji wakaitwa wataje mahali. Mahakamani, wakasema. Wakaambiwa wataje kosa. Mtu kaiba usingizi wa jirani yake. Mlinzi wa benki akawa mshtakiwa, na Plasta akapanda juu ya kiti akawa hakimu.

Alicheza vizuri, watu. Aliuliza maswali yake polepole, na kila kituo chake kilimfanya mlinzi atokwe na jasho la uongo, ukumbi ukacheka naye, si kumcheka. Shangazi alianza kulegeza mkoba. Ikafika hukumu. Plasta akasimama, akanyoosha mkono mmoja, mwingine ameurudisha nyuma, ngumi imefumbwa.

"Mahakama imesikiliza pande zote," akasema. "Na mahakama imeona kwamba..."

Neno likakwama. Halikukwama kama yale ya kila siku, lilikwama kwa dhati. Sauti haikutoka kabisa. Ukumbi ukatulia, kisha viti vikaanza kulia. Mtu akakohoa. Mlinzi, mtu mwenye moyo, alibaki amepiga magoti anamtazama. Pembeni Jino alikuwa anaungua. Kila kilichomo mwilini mwake, miaka yote ya harusi na keki zilizochelewa, kilimwambia kimya hiki kinaua. Alimwona Shangazi. Aliona mkoba umebanwa tena. Hakukitazama kiganja.

Akatoka, akamgusa bega, akapanda kwenye kiti.

"...mshtakiwa yuko huru," akanguruma, "lakini arudishe usingizi huo kabla haujachacha."

Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Plasta akashuka jukwaani kwa mlango wa nyuma, na Jino akabaki anapokea makofi hayo huku anamtafuta kwa macho.

Alimkuta kwenye uchochoro wa kuwekea viti, amesimama katikati ya viti vilivyopangwa juu ya vingine. Shangazi alikuwa ameshapita hapo. Alikuwa amempapasa mgongo na kumwambia kijana wake amemwokoa, Mungu ambariki, na kwamba kesho ataanza kutafuta muuza duka wa nje.

"Plasta wangu, umeona walivyopiga makofi?" Jino alianza. "Mimi nilikuona umekwama, nikasema—"

"Kiganja sikukifungua."

"Nilikuwa nataka kukusaidia, mpenzi."

"Najua. Kila mtu anataka kunisaidia." Alivua hereni moja, akaishika. "Na sikutaka kumwachia huru. Nilitaka kumfunga. Umechukua neno langu, na tena umekosea."

Jino akacheka kidogo, kwa woga, kosa lake la pili jioni hiyo. Akasema ni mchezo tu. Plasta akamtazama kwa muda mrefu, na safari hii hakuwa anatafuta neno.

"Pale duka la dawa nilijidanganya," akasema. "Nilidhani nimempata mtu anayesubiri. Kumbe ulikuwa na pamba mdomoni."

Akaondoka. Jino alibaki na viti.

Siku zilizofuata alipiga simu. Plasta alipokea mara ya kwanza, na Jino akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo: samahani, laazizi, sikukusudia, nakupenda, nitakwenda mimi mwenyewe kwa Shangazi nimweleze, sema chochote. Plasta alitaka kusema kwamba asiende. Lakini hakuachiwa upenyo hata wa kugonga ukucha, akakata. Akarudi nyuma ya pazia, akasaga lenzi za watu kwa macho yaliyojaa machozi, naye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba kazi hiyo inahitaji macho makavu. Alimpenda, na ndicho kilichomuuma. Angekuwa hampendi angemsahau kama wale wa kwenye foleni.

Jino alikwenda kwa Nesi, akamkuta anafagia darasa. Alitaka aambiwe yeye ni mtu mwema. Nesi hakumwambia hivyo. Alimuuliza tu kama amejua seremala ameacha kuja. Jino akasema hakugundua.

"Ulipoingia hapa ulisema huhitaji kitu," Nesi akasema. "Nikajua tutapata taabu. Asiyehitaji kitu haoni wenzake wanahitaji nini."

Akampa kengele yake, aende nayo nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Jino alikuwa na harusi ya mchana, ukumbi wa mapazia meupe na maua ya karatasi, yeye kwenye suti ya rangi ya ndizi. Baba wa bibi harusi akaitwa aseme neno. Alikuwa mzee mkavu, mwenye tai fupi. Akashika kipaza sauti, akasema, "Mwanangu," akaishia hapo. Wageni wakageuka kumtazama Jino, kwa kuwa ndiye aliyelipwa. Utani alikuwa nao tayari, tena mzuri, uko kwenye ulimi. Akautazama mkono wa yule baba. Ulikuwa umefumba ngumi kando ya suruali.

Jino akaumeza utani wake. Ilikuwa kama kumeza jiwe. Alisimama mbele ya watu wale wote, na kimya kikaingia kwenye shughuli yake kikakaa, naye hakufa. Bibi harusi aliinua uso akamtazama baba yake. Hakuna kijiko kilicholia.

"Mwanangu," yule baba akasema tena, "mama yako angekuwepo, angesema umependeza."

Kisha akakaa. Jino hakuongeza kitu. Alikwenda jikoni kwa wapishi, akageukia ukuta na kulia kama mtoto, na wapishi wakamsogezea kiti bila kumuuliza.

Jioni yake simu ya Plasta iliita. Alitaka kuiacha, akaipokea. Hakusikia sauti. Akajua huyo hawezi kuwa Jino, kwa sababu Jino na kimya havikai nyumba moja. Kisha akasikia: tak tak.

Akakaa kitandani. Kwa upande wa pili hapakuwa na neno, palikuwa na pumzi tu, na kwa mbali redio ya jirani. Plasta akagonga naye. Wakakaa hivyo muda mrefu, salio likiisha, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akiwapo. Ni Plasta aliyeanza.

"Leo una pamba?"

"Sina."

Akasubiri aendelee. Jino hakuendelea. Plasta akahisi kicheko kinampanda.

"Ulisema kweli kuhusu ile pamba," Jino akasema baadaye, taratibu. "Ungeniuliza siku ile kama ningesubiri bila pamba, ningekuambia ndiyo. Uongo. Ningesema plasta kabla yako, na ningejiona muungwana. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu."

Plasta hakumwambia amemsamehe. Alimwambia Jumamosi aje darasani, na asivae ile suti.

Alikuja na shati la kawaida, mashavu yote mawili yametuna. Nesi akamuuliza mlangoni anahitaji nini. Jino akaonyesha mashavu: alikuwa amejaza pamba kila upande. Mlinzi alicheka mpaka akakalia kiti cha mtoto vibaya, kikamtupa. Seremala alikuwapo; Jino alikuwa amemfuata mpaka karakana, akamwomba radhi kwa mikono, kwa alama chache alizojifunza kwa mkewe, na inasemekana badala ya kusema samahani alisema meza. Seremala alikuja kwa ajili ya kucheka hilo.

Plasta hakucheka. Alimkaribia, akamwekea kiganja mbele ya mdomo kama mama anayemtaka mtoto ateme.

"Toa," akasema. "Nataka unyamaze mwenyewe."

Jino akatoa pamba. Akasema, mbele ya wote, kwamba anahitaji wamkumbushe atazame viganja. Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavuta kiti katikati, akasema mahakama iliyoahirishwa itaendelea, na mshtakiwa ni huyu hapa.

Plasta akapanda juu ya kiti kidogo, ngumi nyuma ya mgongo. Jino akapiga magoti. Mashtaka yakasomwa na mlinzi, mke wa seremala akatafsiri kwa raha zake bila mtu kumkimbiza. Ikafika hukumu. Neno likakwama pale pale lilipokwama maktaba. Jino alimtazama usoni. Hakuwa anamsaidia kwa macho, hakuwa anamsukuma. Alikuwa anataka kujua atasema nini. Ndege walilia juu ya bati, na pikipiki ilipita nje mpaka sauti ikapotelea mbali.

"...kwamba mshtakiwa ana hatia," Plasta akasema. "Atafagia darasa hili mpaka hakimu atakapochoka kumwona."

"Hatakata rufaa," mshtakiwa akajibu, na akaenda kuchukua ufagio.

Jumatatu yake Plasta aliitoa stuli yake nyuma ya pazia, akaiweka kaunta, akakaa. Shangazi alikuwa bado hajapata mtu, miguu imemvimba kwa kusimama. Akamuuliza anafanya nini. Plasta akamjibu kwamba anauza miwani. Shangazi akaanza kueleza kwamba wateja wana haraka, kwamba mdomo ndio biashara, kwamba jukwaani mwenyewe aliona.

"Jukwaani hukuniona nikishindwa, Shangazi," Plasta akasema. "Uliniona nikikatizwa. Sijui ningemaliza lini, lakini ningemaliza. Mtu aliyeishi bila kuona vizuri mwaka mzima atashindwa kunisubiri kidogo?"

Shangazi akafungua mdomo amalizie mazungumzo, kama alivyozoea. Akaufunga. Akasema watajaribu, wataona.

Siku moja mwisho wa mwezi, duka limejaa, Jino aliingia. Alikuwa amevaa shati jeupe lile lile la siku ya jino. Hakupita mbele, alipanga foleni nyuma ya mzee mmoja mwenye fimbo na mama aliyebeba mtoto, akasubiri zamu yake huku Shangazi anamtazama kwa jicho la pembeni. Hao wawili wakahudumiwa, wakasogea pembeni kungoja miwani yao. Jino alipofika kaunta, Plasta alimuuliza kwa sura ya kazi anahitaji nini. Jino, mtu wa vipaza sauti, akasema kwa sauti ndogo.

"Nakuhitaji wewe. Uwe mke wangu. Nijibu siku yoyote."

Plasta alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi, la kawaida kuliko yote katika lugha, likagoma. Mkono wake ulikuwa juu ya kioo cha kaunta, na ulikuwa umefumba ngumi. Jino aliuona, akabaki amesimama. Lakini wateja hawakujua mambo ya viganja. Mama mwenye mtoto akasema mwambie ndiyo, dada. Mzee akasema pengine anataka kukataa anaona haya. Mwingine nyuma akaanza kusema kwamba atikise kichwa tu, inatosha.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya Shangazi. Alikuwa amesimama, pazia la kahawia mgongoni kwake, macho yamelowa.

"Mwacheni amalize mwenyewe," akasema. "Dukani kwangu hatudakii mtu."

Wakamwacha. Wote, mpaka mtoto mgongoni. Plasta akamtazama shangazi yake kwanza, kisha akamgeukia Jino, akapumua.

"Ndiyo," akasema. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupokea na kuongeza, akaongeza. "Lakini ile kengele haingii nyumbani kwangu."

Jino akaapa kwamba ameshaitupa, huku anacheka na machozi yanamtoka. Akataka kusema mengi zaidi, ilionekana wazi, akajizuia, akamshika ule mkono uliokuwa umefumba, nao ukafunguka. Yule mzee mwenye fimbo akasubiri wamalize. Alipoona hawaelekei kumaliza, akagonga kioo polepole kwa ukucha na kuulizia miwani yake.